Refa Asingoje Bondia Aanguke

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Watangazaji wa michezo huipenda sana methali hii, na kila timu ifungwapo hapakosi mtu wa kuwatuliza mashabiki kwayo. Lakini ipandisheni ulingoni, pale ambapo watu wawili wanatupiana makonde, muione inavyopinduka miguu juu kichwa chini. Bondia hafunzwi kukubali kushindwa. Tangu siku ya kwanza avaapo glavu hufunzwa kinyume chake: akipigwa asimame, akiumia asioneshe, na akiulizwa kama aweza kuendelea aseme ndiyo. Basi ikiwa mshindani mwenyewe hana ruhusa ya kukubali, ni nani atakayekubali kwa niaba yake, na akubali lini? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, msomaji mpenzi, maana ni swali lililogharimu roho za watu, na moja katika roho hizo ilikuwa yetu sisi Wakenya.

Tuliokuwa vijana mwaka 1988 hatujaisahau furaha ya Seoul. Robert Wangila Napunyi alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki. Kabla yake Philip Waruinge alikuwa ametuletea shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972, naye Ibrahim Bilali akaja na shaba kutoka Los Angeles mwaka 1984. Dhahabu ilikuwa haijaonekana, wala baada ya Wangila hatujaiona nyingine katika mchezo huo.

Baada ya Seoul, Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa na kwenda kuitafuta riziki Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona kwamba mwenzetu amepigwa vya kutosha, akaingia kati na kulikomesha pigano. Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Lakini alipokuwa katika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hebu tulitafakari jambo hili pole pole. Mtu ambaye kichwa chake kilikuwa tayari kimepata jeraha la kuua alikuwa akibishana na mtu aliyejaribu kumwokoa. Ungelimuuliza, angelikwambia yu mzima. Na jibu lake lingelikuwa la kweli kwa upande wa moyo, na la uongo kwa upande wa kichwa. Hapa ndipo tunapopata funzo la kwanza: neno la bondia si ushahidi. Refa anayemuuliza bondia "Waweza?" kisha akaridhika na "Naweza", ameuliza swali ambalo jibu lake lilikwisha andikwa kabla ya kengele ya kwanza.

NAZI NA MBATA YAKE

Kwa nini mtu aliyeumia hivyo aweze kusema na kutembea? Sisi watu wa pwani tuna mfano mzuri wa kulifahamu jambo hili. Ichukue nazi iliyokauka hata mbata yake ikaachana na kifuu, kisha uitikise. Utasikia mbata inagonga ndani. Kifuu kizima, hakina ufa, lakini ndani mna kitu kinachotikisika. Ubongo wa mwanadamu nao haukugandishwa kwenye fuvu. Konde zito, hasa lile la kuzungusha kichwa kwa ghafla, huutikisa ubongo, na mishipa midogo inayopita kati yake na fuvu huweza kukatika. Damu huanza kuvuja na kujikusanya pale ambapo hapana nafasi, ikaukandamiza ubongo kidogo kidogo. Kwa dakika kadhaa, pengine kwa saa nzima, mtu huweza kusimama, kusema na hata kudai arudishwe ulingoni. Kisha ghafla huanguka.

Kwa hiyo madhara hayaonekani kwa damu ya puani wala kwa jicho lililovimba. Jicho lililovimba hutisha watazamaji, lakini kinachoua mara nyingi hakitishi mtu yeyote mpaka wakati umekwisha pita.

KUHESABU KUMI

Tukirudi nyuma kwenye historia, tutaona kwamba sheria za ndondi karibu zote zilizaliwa baada ya msiba au hofu ya msiba. Jack Broughton, bingwa wa Uingereza, alitunga kanuni zake mwaka 1743, na inasimuliwa kwamba alisukumwa na kifo cha George Stevenson, mtu aliyepigana naye. Kanuni hizo zilimkataza mtu kumpiga mwenzake aliyekwisha anguka, na zikampa aliyeanguka nusu dakika ya kurudi katikati ya uwanja. Mwaka 1867 zikaja kanuni zinazobeba jina la Marquess wa Queensberry: glavu, raundi za dakika tatu, na aliyeanguka kupewa hesabu ya kumi.

Ni kanuni njema, lakini tazama zilimlenga nani. Zilimlenga aliyeanguka. Aliyeanguka analo zulia la ulingo la kumpokea, ana mpinzani aliyeamriwa asogee pembeni, na ana hesabu ya kupumulia. Lakini je, yule asiyeanguka? Yule anayepigwa akiwa wima, mgongo kwenye kamba, mikono imemlegea, ana nini?

Jibu lilitolewa kwa uchungu tarehe 24 Machi 1962 katika ukumbi wa Madison Square Garden wa New York, ule ambao jina lake lilipewa ukumbi wa ndondi wa Nakuru. Benny Paret wa Cuba alikuwa anautetea ubingwa wake wa dunia wa uzani wa welta dhidi ya Emile Griffith. Miezi isiyotimia minne kabla ya hapo Paret alikuwa ameangushwa vibaya na Gene Fullmer, bondia wa uzani mkubwa kuliko wake. Katika raundi ya 12 Griffith alimbana kwenye kona na kumshindilia makonde mfululizo. Paret hakuanguka. Hakuanguka kwa sababu kamba zilimshika. Kama angelianguka kwa konde la tano au la sita, sheria ingelimlinda. Lakini alikuwa wima, na sheria ya siku zile ilimwona mtu aliye wima kuwa bado anapigana. Refa Ruby Goldstein, mtu aliyeheshimiwa sana katika kazi hiyo, alipoingia kati ilikuwa jioni imekwisha kuchwa. Paret alifariki tarehe 3 Aprili bila kurudiwa na fahamu. Tume ya michezo ilimsafisha refa, lakini baada ya hapo karibu aiache kabisa kazi hiyo. Naye Griffith, aliyeishi hadi mwaka 2013, aliubeba mzigo huo maisha yake yote.

Funzo la pili ndilo hilo: kusimama si dalili ya uzima. Mara nyingine aliyeanguka ana bahati kuliko aliyeshikwa na kamba.

ANACHOTAZAMA REFA

Basi refa atazame nini? Marefa waliobobea hawangoji anguko. Hutazama miguu kwanza, maana miguu haijui kusema uongo. Ikianza kuburura au kukosa mizani, habari imekwisha fika. Hutazama macho kama yanamfuata mpinzani au yanatazama mbali pasipo na kitu. Hutazama mikono: je, bado inarudi kuufunika uso baada ya kila konde, au imebaki kiunoni? Hutazama kichwa: kikipigwa, je, shingo inakizuia au kinaruka nyuma kama cha mwanasesere? Zaidi ya yote huhesabu majibu. Bondia anayepokea matatu akarudisha moja yungali vitani. Anayepokea matano, sita, saba, asirudishe wala asikwepe hata moja, huyo hapigani tena. Anapigwa tu, na kupigana na kupigwa ni vitu viwili mbalimbali.

Kisha kuna hesabu ndefu, nayo ndiyo ngumu zaidi. Si kila hatari huja kwa konde moja. Kuna kipigo cha polepole, raundi baada ya raundi, hakuna anguko, hakuna kishindo, watazamaji wanapongeza ushujaa wa anayevumilia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipopigana na Ray Mancini mjini Las Vegas tarehe 13 Novemba 1982. Pigano lilikomeshwa katika raundi ya 14, na Kim akafariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo baraza la WBC liliamua kwamba mapigano ya ubingwa wa dunia yapunguzwe kutoka raundi 15 hadi 12, na mabaraza mengine yakafuata kabla ya miaka ya themanini kwisha.

Katika ndondi za ridhaa, kwa miaka mingi kumekuwa na kanuni nyingine ya hekima: bondia aliyeangushwa kwa konde la kichwa, au aliyesimamishiwa pigano kwa sababu hiyo, haruhusiwi kupigana tena kabla ya siku 30. Yakimpata mara mbili katika miezi mitatu, apumzike miezi mitatu; mara tatu katika mwaka, apumzike mwaka mzima. Laiti Paret angelipewa mapumziko ya namna hiyo baada ya Fullmer!

TAULO LA KONA

Pembeni ya refa yuko mtu wa pili mwenye wajibu, naye ni mkufunzi. Yeye humjua kijana wake kuliko refa. Ajua anavyopumua akichoka na anavyopumua akiumia. Tarehe 1 Oktoba 1975, karibu na Manila katika Ufilipino, Muhammad Ali na Joe Frazier walikuwa wamepigana raundi 14 katika joto la kuyeyusha nta. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hata akawa hayaoni makonde yanayokuja. Zilibaki dakika tatu tu za ubingwa wa dunia. Mkufunzi wake Eddie Futch akasema basi. Frazier alipinga, alitaka kuinuka, lakini mzee hakubadili neno. Frazier aliishi miaka 36 baada ya siku hiyo.

Lakini nisikufiche, msomaji, kwamba huruma nayo huweza kuchelewa. Julai 2019, huko Maryland, Marekani, mkufunzi Buddy McGirt alimsihi kijana wake Maxim Dadashev wa Urusi aache baada ya raundi ya 11. Dadashev alitikisa kichwa kukataa. McGirt akalikomesha pigano kwa nguvu. Kijana hakuwahi kufika chumbani. Alianguka njiani, na siku chache baadaye akafa, umri wake miaka 28. Futch na McGirt walifanya jambo lile lile, tena kwa nia ile ile. Mmoja aliwahi, mwingine hakuwahi, na hapakuwa na alama juu ya paji la uso ya kuwaambia tofauti. Ndiyo maana nasema kwamba wakati unaoonekana ni mapema ndio wakati wenyewe.

SEKUNDE MBILI

Najua wako watakaonijibu kwa kunitajia Las Vegas, tarehe 17 Machi 1990. Usiku ule Meldrick Taylor wa Marekani alikuwa anamshinda Julio César Chávez wa Mexico kwa pointi. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa yeye. Katika raundi ya 12, ya mwisho, Chávez alimwangusha. Taylor aliinuka, refa Richard Steele akamhesabia hadi nane, akamuuliza kama yu sawa. Taylor hakujibu, uso aliugeuzia kwenye kona yake. Steele akakomesha pigano. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili tu! Kama angelizinyamazia, Taylor angelishuka ulingoni akiwa mshindi.

Mpaka leo watu hugombana juu ya sekunde mbili hizo. Nami nakubali kwamba dhuluma ya namna hiyo huuma. Kijana aliyetoa jasho na damu kwa raundi 12 kunyang'anywa ushindi mlangoni si jambo dogo. Lakini Steele alijibu kwamba yeye si mshika saa. Kazi yake ni kumtazama mtu. Nami nalipima hivi: ushindi ulioporwa ni deni, na deni hulipika. Kuna pigano la marudiano, na kuna kesho. Chávez na Taylor walikutana tena mwaka 1994. Paret na Griffith hawakuweza kukutana tena. Kosa la refa aliyewahi huandikwa magazetini. Kosa la refa aliyechelewa huandikwa kwenye jiwe la kaburi.

Tena tumtendee haki refa. Si kila kifo ni kosa lake. Juni 2022, mjini Durban, Simiso Buthelezi alikuwa katika raundi ya 10 akimwelemea mpinzani wake. Ghafla alimwacha mpinzani, akageuka na kuanza kurusha makonde kwenye kona tupu, akipigana na hewa. Refa alikomesha pigano pale pale. Hakuna ambaye angelifanya zaidi ya hayo, na hata hivyo kijana alifariki siku mbili baadaye. Refa haoni ndani ya fuvu. Kwa kuwa haoni, na aegemee upande wa uhai.

NA SISI TULIO VITINI?

Wapo miongoni mwetu wanaosema dawa ni kuufunga mlango kabisa, ndondi zipigwe marufuku. Siwadharau. Chuoni, tulipokuwa watoto, tulifunzwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kumpiga mtu usoni, na neno hilo linanijia kila nitazamapo mchezo huu. Lakini maadamu vijana wetu wanaendelea kuvaa glavu, wengine kwa mapenzi na wengine kwa njaa, haitoshi kusema laiti wasingelivaa. Yatupasa kuuliza ni nani anayewalinda.

Hapa ndipo ninapotugeukia sisi watazamaji. Nimekaa mara nyingi katika viti vya mbao vya kumbi za ndondi, na nimesikia ukumbi mzima ukipiga kelele, "Mwache! Mwache!" refa anapojaribu kuingia kati. Kelele hizo zina uzito. Refa ni mwanadamu, ana masikio, na ajua kwamba akikomesha mapema atazomewa mpaka mlangoni, bali akichelewa na bondia akasalimika, atasifiwa kuwa ameliacha pigano liwe pigano. Tumempangia malipo yaliyo kinyume na wajibu wake. Wengine hujitetea kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ni ya kumfunza mtoto kwa jeraha la kidole. Kichwa si kidole.

Kwetu pwani tuna mchezo wa kirumbizi. Watu wawili huingia katikati ya duara na fimbo zao, ngoma na zumari zikilia, wakashambuliana na kukingana. Katika kirumbizi nilichokiona mimi nilipokuwa kijana, uhodari ulikuwa katika kukinga na katika kuonesha kwamba ungeliweza kumpata mwenzako. Aliyepatikana alijijua, na wazee waliosimama kando walijua pia, na hakuna aliyehitaji kuona kichwa kimepasuka ili asadiki. Mtu mwingine huingia akapokea fimbo, na ngoma ikaendelea. Ndondi si kirumbizi, najua. Huku kuna fedha na mikanda. Lakini adabu ile ya kujua kwamba mchezo umekwisha kabla damu haijaushuhudilia, hiyo twaweza kuichukua hata ulingoni.

Basi nasema hivi. Pigano limekwisha pale bondia anapoacha kujilinda, si pale anapoanguka. Refa akisimama njia panda kati ya kukomesha na kungoja konde moja zaidi, akomeshe. Mkufunzi asione haya kurusha taulo. Na sisi, siku tutakapomwona refa akimkumbatia kijana anayebisha na kutokwa na machozi ya hasira, tusizomee. Tupige makofi. Kijana yule hatatushukuru usiku huo, lakini atarudi nyumbani kwa mamake.

Nami nikiwa mtu wa beti, niruhusu nimwachie refa ubeti mmoja wa kumkumbusha:

Ewe refa ulingoni, usimngoje kuzima,
Mwangalie miguuni, macho yake yakizama,
Akikataa kwa kani, mkumbate kwa huruma,
Lawama ni za jioni, roho hairudi nyuma.